Ukumbi wa Jamaa: Kamusi Isiyotazama Cheo



Juma hili twataka kuzungumza habari za kitabu kilichomo katika karibu kila nyumba yenye simu ya intaneti, ijapokuwa hakionekani kabatini. Mtoto akipewa na mwalimu kazi ya kueleza mto Nyabarongo, au mama akitaka kujua dalili za malaria, au askari wa zamu akibishana na mwenzake juu ya mwaka ambao Kigali ilipata kuwa mji mkuu, aghalabu jibu la kwanza linalotokea katika kioo cha simu hutoka katika Wikipedia. Wengi husoma, wakaamini, wakafunga simu. Ni wachache wanaojiuliza: nani ameyaandika haya, na kwa idhini ya nani?

Jibu ni kwamba yameandikwa na walimu, wanafunzi, wauguzi na wastaafu wasiolipwa hata senti moja, na wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso. Wewe nawe waweza kuwa mmoja wao leo jioni, ukiisha kula. Lakini kama ilivyo katika kila nyumba ya watu wengi, mgeni aingiaye pasipo kubisha hodi hutazamwa kwa mashaka. Kamusi elezo hii ina sheria zake na adabu zake. Nia yetu leo ni kuzieleza, hasa kwa jamaa za wanajeshi na polisi, ambao watagundua kwamba baadhi ya sheria hizo wamekwisha kuzijua kazini, na nyingine ni kinyume kabisa cha mazoea ya kambini.

ASILI YAKE

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Kabla ya hapo walikuwa na kamusi elezo nyingine iliyoitwa Nupedia, ambayo kila makala yake ilipaswa kupita katika mikono ya wataalamu kwa hatua nyingi. Kazi ilikwenda polepole mno. Ndipo walipotumia programu ya kurasa ambazo mtu yeyote aweza kuzihariri papo hapo. Programu ya namna hiyo ilikuwa imebuniwa na Ward Cunningham mwaka 1995, naye aliipa jina la wiki, neno alilolikuta katika uwanja wa ndege wa Honolulu, ambako basi la abiria liliitwa hivyo. Kwa lugha ya wenyeji wa Hawaii maana yake ni haraka.

Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003, na leo lina maelfu mengi ya makala. Liko pia toleo la Kinyarwanda, ambalo ni dogo zaidi. Hapa kwetu Rwanda, Kiswahili kilikuwa kikisikika tangu zamani Biryogo na Nyamirambo, sokoni na kambini. Na mwaka 2017 kilifanywa lugha rasmi kwa sheria, kikaungana na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo mtu wa Dodoma, Mombasa, Bukavu au Maskati atakaye kuijua Kigali kwa Kiswahili atasoma yale yaliyomo humo. Sisi tunaoishi hapa tusipoandika, ataandika mwingine asiyepajua. Na tukiandika vibaya, maandishi yetu yatafutwa.

KWA NINI MAKALA HUFUTWA

Hebu tuchukue mfano. Binti wa shule ya sekondari, mwenye Kiswahili kizuri, aamua kuandika habari za mtaa wao. Aandika hivi: "Nyamirambo ni mtaa mzuri kuliko yote mjini Kigali. Watu wake ni wakarimu, chakula chake ni kitamu, na bibi yangu husema kwamba zamani palipendeza zaidi." Abonyeza kitufe, moyo ukimdunda kwa furaha. Kesho yake ukurasa haupo. Binti alia, baba yake arudipo kazini akasirika, na kusema kwamba mwanawe ameonewa na watu wasiojua hata Nyamirambo iko upande gani.

Je, ameonewa? La hasha. Pengine hakusema uongo wowote. Lakini katika maneno yake yote hamna hata moja ambalo msomaji wa Mombasa aweza kulihakikisha. Makala hiyo imegongana na sheria tatu zilizo msingi wa kamusi yote.

Sheria ya kwanza ni kutoegemea upande. Kamusi haisifu wala hailaumu. "Mzuri kuliko yote" ni rai ya mtu, na mtu wa Kimironko ana yake. Ya pili ni uthibitisho: jambo lolote liwezalo kutiliwa shaka sharti liwe limekwisha kuchapishwa mahali pa kuaminika, kama vile kitabu, gazeti, ripoti ya sensa au jarida la chuo kikuu, na mwandishi aonyeshe mahali hapo katika sehemu ya Marejeo. Ya tatu ni kwamba kamusi si mahali pa kutangazia utafiti mpya. Kumbukumbu za bibi ni hazina, na yafaa sana mjukuu aketi naye aziandike. Lakini sharti kwanza zitoke gazetini au kitabuni, kisha kamusi izichukue huko.

Makala ile ile ingaliweza kuanza hivi: "Nyamirambo ni mmojawapo wa mirenge, yaani kata, za wilaya ya Nyarugenge katika Jiji la Kigali, nchini Rwanda. Uwanja wa mpira uliopo hapo ulipewa jina la Kigali Pelé Stadium mwezi Machi 2023, kwa heshima ya mchezaji wa Brazil aliyefariki Desemba 2022." Ni sentensi mbili tu, na kila moja ina rejeo lake chini. Makala fupi ya namna hiyo haidharauliwi. Wenyewe huiita "mbegu", na msomaji hualikwa aiongeze. Binti aliyepanda mbegu moja iliyoota ametenda zaidi ya yule aliyeleta shamba la sifa.

KITABU CHA MATUKIO

Askari polisi wataielewa upesi sehemu hii. Katika kituo cha polisi kuna kitabu cha matukio. Kila lililotokea huandikwa humo pamoja na saa yake na jina la aliyeandika. Ukurasa hauchanwi, kosa likigunduliwa, husahihishwa waziwazi, na aliyesahihisha hujulikana.

Wikipedia nayo ina kitabu cha matukio nyuma ya kila makala, nacho huitwa historia ya ukurasa. Kila badiliko, hata la nukta moja, huwekwa humo pamoja na tarehe, saa na jina la akaunti iliyolifanya. Mambo mawili hufuata. La kwanza ni faraja: mgeni asiogope kwamba ataharibu kitu, kwa maana toleo la zamani hurudishwa kwa kubonyeza mara moja. La pili ni onyo: tusi uliloliandika usiku kwa hasira litakuwapo asubuhi, na watu watalisoma.

Kila uhariripo hukutana na kisanduku kidogo cha muhtasari. Jaza hapo sababu ya badiliko lako kwa maneno machache: "nimesahihisha tahajia", "nimeongeza rejeo la sensa". Wapo wajitoleaji ambao kazi yao ni doria. Hutazama mabadiliko mapya kama mlinzi atazamavyo lango. Badiliko lisilo na maelezo ni kama mtu apitaye usiku asiyejibu aulizwapo ni nani. Huenda ni mtu mwema, lakini mlinzi hana njia ya kujua.

KOPLO NA KANALI

Sasa tumefika penye ugumu kwa watu wa sare. Kambini, koplo hamsahihishi kanali mbele ya kikosi. Huo ndio utaratibu, nao una maana yake. Lakini katika kamusi hii majina ya watumiaji hayana nyota mabegani. Afande mstaafu aliyetumikia miaka thelathini aweza kusahihishwa na mwanafunzi wa Kisumu, na kama mwanafunzi ana rejeo na afande hana, maneno ya mwanafunzi ndiyo yatakayobaki.

Baadhi ya wazee huona kwamba wamevunjiwa heshima. Lakini tufikiri kidogo. Afisa aendapo mahakamani kutoa ushahidi, hakimu haulizi ana nyota ngapi. Huuliza aliona nini, na uthibitisho uko wapi. Kamusi imechukua desturi hiyo ya mahakama. Hata wale waitwao wakabidhi, ambao wana uwezo wa kufuta kurasa na kumzuia mharibifu, si makamanda. Jumuiya ya wahariri ndiyo huwakubali, nao hufungwa na sheria zile zile zinazomfunga mgeni wa jana.

Tuone mfano wa hapa nyumbani. Mtu mmoja aandika kwamba Chuo Kikuu kilikuwa Butare. Wa pili afuta Butare na kuandika Huye. Wa kwanza, ambaye alisoma huko na anapajua kila kona, akasirika na kurudisha Butare. Kila mmoja adai, "Mimi napajua!" Kumbe wote wana sehemu ya ukweli: katika mabadiliko ya mikoa na wilaya ya mwaka 2006 majina mengi yalibadilika, Butare ikawa Huye, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Cyangugu ikawa Rusizi. Makala nzuri hutaja majina yote mawili na mwaka wa mabadiliko. Kupajua hakukutosha, kilichomaliza ugomvi ni tarehe yenye rejeo.

KAZI, KIAPO NA SIRI

Jamaa wengine watauliza: je, mwanajeshi au polisi aruhusiwa kuandika? Kamusi haimkatazi mtu kwa kazi yake. Lakini ina kanuni juu ya mgongano wa maslahi: mtu asiandike habari zake mwenyewe, za mkewe, za mkubwa wake, au za ofisi inayomlipa mshahara, kama kwamba yeye ni mtazamaji wa mbali. Akiona kosa katika makala inayohusu idara yake, njia ya heshima ni kwenda kwenye ukurasa wa Majadiliano, aseme wazi kwamba yeye ni mtumishi wa idara hiyo, aonyeshe rejeo, na kumwachia mwingine afanye sahihisho.

Hapa sheria ya kamusi na kiapo cha kazi hukutana na kushikana mikono. Kwamba Polisi ya Taifa ya Rwanda iliundwa mwaka 2000 kwa kuunganisha vikosi vilivyotangulia, kwamba jeshi lilichukua jina la Rwanda Defence Force mwaka 2002, na kwamba askari wa Rwanda walikwenda Darfur mwaka 2004 katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, hayo yote yamechapishwa, na yeyote aweza kuyaandika. Lakini yale ambayo askari anayajua kwa sababu tu yumo kazini, kama vile idadi ya watu wa kambi, zamu za walinzi au safari ijayo ya kikosi, hayana rejeo lililochapishwa. Kamusi haiyataki, na kiapo hakiyaruhusu. Mwenye kushika sheria ya uthibitisho amejilinda dhidi ya makosa mawili kwa pamoja.

Akina mama na vijana wa nyumbani wakumbuke hilo katika picha pia. Picha ya mlima, ya soko, ya sahani ya isombe, ni zawadi njema kwa kamusi. Picha ya baba akiwa na sare mbele ya lango la kambi, siyo. Na jina la akaunti lisiwe namba ya jeshi, wala jina la kituo, wala jina kamili la mtoto. Kila mtu awe na akaunti yake, hata kama simu ya nyumbani ni moja, ili kila mmoja awajibike kwa maneno yake.

WATU WALIO HAI

Sheria hukaza zaidi pale makala inapomhusu mtu aliye hai. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejitaja aliweka katika Wikipedia ya Kiingereza uongo juu ya John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani. Aliandika kwamba mzee huyo aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na ya nduguye Robert. Uongo huo ulikaa kwa muda wa miezi minne hivi bila kuondolewa. Seigenthaler, ambaye kwa kweli alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy, aliueleza ulimwengu gazetini jinsi alivyochafuliwa jina, na mwezi Desemba mwaka huo toleo la Kiingereza likawazuia wasio na akaunti kuanzisha makala mpya.

Tangu hapo kanuni imekuwa hivi: neno baya juu ya mtu aliye hai, lisilo na rejeo imara, huondolewa mara moja, pasipo kungoja majadiliano. Msomaji ajiulize: kama ni jina la mume wangu, au la mwanangu, ningependa liandikwe kwa uvumi wa barabarani?

PALE PANAPOUMA

Liko jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya katika mji huu. Wengine hudhani kwamba kutoegemea upande maana yake ni kuweka ukweli na uongo katika mizani moja na kuwaachia wasomaji wachague. Sivyo. Sheria husema kwamba kila maoni yapewe nafasi kwa kadiri vyanzo vya kuaminika vinavyoyakubali.

Tarehe 16 Juni 2006, mahakama ya rufaa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, ambayo makao yake yalikuwa Arusha, iliamua kwamba mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ni jambo linalojulikana na lisilo na ubishi, hata halihitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi. Tarehe 26 Januari 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaja tarehe 7 Aprili kuwa siku ya kimataifa ya kutafakari mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Mwaka 2023 UNESCO iliandikisha Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo ndiyo marejeo, na mbele yake kauli ya mkanushaji haina nafasi ya kuketi kama rai iliyo sawa na nyingine.

Lakini tufikirie mtu wa hapa Kigali, aliyepoteza wazazi na ndugu, ambaye usiku mmoja akutana na sentensi ya kukanusha. Damu yamchemka. Atake asitake, mkono wake wakimbilia matusi. Twamwambia kwa upole: ndugu yetu, usimjibu mkanushaji kwa tusi, maana tusi ndilo atakalolionyesha kesho kama udhuru wake. Ondoa sentensi hiyo, weka rejeo, eleza kwa neno moja, na uwajulishe wakabidhi. Na kama moyo hauwezi, funga simu, umwombe mwingine aifanye kazi hiyo. Si sharti aliyejeruhiwa ndiye alinde lango kila usiku. Machozi yako ni ya kweli, lakini kamusi haina njia ya kuyaweka katika Marejeo. Hukumu ya mahakama ina nafasi humo, nayo husema kwa niaba yako hata ukiwa umelala.

ADABU ZA MABISHANO

Ugomvi mwingine wote ni mdogo kuliko huo, na mwingi wake huchekesha. Wahariri wa Kiingereza walibishana kwa miaka mingi, hadi mwaka 2011, juu ya tahajia ya neno lao la maziwa ya mtindi: liwe na herufi h katikati, au lisiwe nayo. Sisi tunaokunywa ikivuguto pasipo kujali herufi twaweza kucheka, lakini tusicheke sana. Hata baina yetu wapo watakaogombana juu ya "Wanyarwanda" na "Warwanda".

Adabu ni chache na zakaririka kwa urahisi. Kwanza, mdhanie mwenzako nia njema mpaka matendo yake yakushinde. Aliyefuta sentensi yako huenda alikosea tu, au aliona jambo ambalo wewe hukuliona. Pili, jadili maneno, usimjadili mtu. Sema "sentensi hii haina rejeo", usiseme "wewe hujui kitu". Tatu, ukiandika katika ukurasa wa Majadiliano, tia sahihi kwa kupiga alama ya kiwimbi mara nne. Programu yenyewe itaweka jina lako na saa. Nne, usirudisherudishe. Katika toleo la Kiingereza, anayetengua mabadiliko ya wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 aweza kuzuiwa kuhariri, hata kama haki ilikuwa upande wake. Mara ya kwanza ikishindikana, nenda ukazungumze. Tano, usimkaripie mgeni. Kila mzee wa kamusi alikuwa mgeni siku moja.

LUGHA NA MALI YA WATU

Mwezi Agosti 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya watu wa Scotland, ilikuwa imeandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika Kiingereza kilichogeuzwa tahajia, akidhani anasaidia. Hakuwa na nia mbaya. Lakini maelfu ya kurasa yalikuwa yamekwisha kuharibika, na watu ulimwenguni walikuwa wameyasoma na kudhani kwamba Kiskoti ndivyo kilivyo.

Siku hizi hatari hiyo imeongezeka, maana mashine za kutafsiri zaweza kumtolea mtu makala nzima ya Kiswahili kwa nukta moja. Mashine isaidie, wala isitawale. Usihifadhi sentensi usiyoielewa, wala neno ambalo hujapata kulisikia kinywani mwa mtu wala kuliona kitabuni. Nasi wa Rwanda, ambao Kiswahili chetu huchanganyika na Kinyarwanda na Kifaransa, tusione haya kuomba msaada wa wenzetu wa Tanzania au Kenya katika ukurasa wa Majadiliano. Wao watatusahihisha ngeli, nasi tutawasahihisha majina ya milima na mito yetu.

Jambo la mwisho ni mali ya watu. Kunakili aya kutoka gazetini au kitabuni, hata kama umetaja jina la kitabu, ni kuvunja hakimiliki. Soma, fahamu, kisha andika kwa maneno yako mwenyewe. Vilevile usichukue picha ya mtu mwingine mtandaoni, piga yako. Na ujue kwamba ukiiweka umeitoa chini ya leseni huria: yeyote aweza kuitumia, hata mfanyabiashara, mradi amtaje aliyeipiga na kufuata masharti ya leseni.

ANZA NA DOGO

Kwa nyumba itakayotaka kujaribu, twashauri hivi. Mwisho wa juma, baba, mama na watoto waketi pamoja, wafungue makala ya Kiswahili juu ya mahali wanapopajua, waisome hadi chini. Waangalie kama idadi ya watu ni ya zamani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,132,686 katika Jiji la Kigali, na ile ya Agosti 2022 ikahesabu 1,745,555. Palipo na tarakimu ya zamani, waweke mpya, wataje ripoti ya Taasisi ya Takwimu ya Taifa na mwaka wake, wajaze muhtasari, wahifadhi. Hiyo yatosha kwa siku ya kwanza. Juma la pili wasahihishe tahajia, na la tatu waongeze sentensi yenye rejeo. Wasikimbilie kuanzisha makala mpya kabla ya kusoma nyingi za wengine.

Watoto watajifunza humo somo zuri kuliko kompyuta yenyewe: kwamba mtu akiulizwa "umejuaje?" hakutukanwa, bali amepewa nafasi ya kuonyesha ushahidi wake. Na baba, mwenye kuzoea kupigiwa saluti, atajifunza kusema mbele ya wanawe, "Kumbe ulikuwa sahihi, nionyeshe ulipoyasoma." Nyumba inayoweza kuzungumza namna hiyo haitapata taabu na sheria za kamusi yoyote.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia uhifadhi wa maharage na mahindi wakati wa mvua. Hadi hapo, twawatakia zamu njema na nyumba zenye amani.